Jibu: Eisenhower alishushwa cheo mwaka 1943?

Salaam mkuu. Umekwama hapa: orodha moja ya vyeo inasema Eisenhower, jenerali wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa jenerali kamili Februari 1943, nyingine inasema alipandishwa kuwa brigedia jenerali, yaani ngazi ya chini kabisa ya ujenerali, Agosti mwaka huohuo. Hakushushwa, na orodha zote mbili ziko sawa.

Ukikuta tarehe zinazogongana hivi, kwanza angalia kama cheo ni cha kudumu au cha muda. Mimi huanza hapo kila ninaposoma habari za majenerali wa Marekani. Vita vilipokuja, jeshi lilipanuka ghafla na maofisa wakapewa vyeo vya muda, huku cheo cha kudumu kikijikokota nyuma. Mwanzoni mwa 1941 Eisenhower alikuwa luteni kanali tu. Machi akawa kanali, Septemba brigedia jenerali, Julai 1942 luteni jenerali, Februari 1943 jenerali, na Desemba 1944 nyota tano, cheo cha juu kuliko jenerali kamili. Vyote hivyo vya muda! Kwenye daftari la kudumu aliruka siku moja tu, 30 Agosti 1943, kutoka luteni kanali hadi meja jenerali, brigedia akiipitia siku hiyohiyo. Nyota tano zilifanywa za kudumu mwaka 1946.

Kwa hiyo andika safu mbili, moja ya vyeo vya muda na moja ya vya kudumu, usizichanganye.

Custer, ofisa wa jeshi la Marekani wa karne ya 19, naye mtazame hivyohivyo, ingawa vita vyake ni vingine: alikuwa jenerali wa wanajeshi wa kujitolea, cheo cha muda, akiwa na miaka 23, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha akarudi kuwa kapteni, na alikufa mwaka 1876 akiwa luteni kanali.