Kuishi kwa kuandika teknolojia ukiwa Mbeya: jibu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mtu aliyeko Mbeya anaweza kuishi kwa kuandika mambo ya teknolojia, na kama afungue blogu yake au aishie kurusha vitu Facebook na WhatsApp. Nimo kwenye kazi hii tangu enzi za kuzimwa simu feki, nakujibu kwa niliyoyaona.

Kuishi, inawezekana. Kuishi kwa matangazo ya blogu, sahau. Google hawakutumii hela mpaka ufikishe dola 100, na msomaji wetu anaingia, anasoma jibu lake, anazima data. Kama hesabu zako zote zimekaa hapo, kalime viazi Uporoto, hela utaiona mapema zaidi.

Mimi nalipwa kwa kuandika maelekezo ya mifumo kwa Kiswahili, kutafsiri programu, kufundisha watumishi wa saccos, na makala chache za vyombo vya Dar. Ila karibu wateja wote hao walinipata kupitia blogu. Meneja wa saccos moja ya wakulima wa kahawa kule Mbozi alisoma maelezo yangu ya lipa namba, ile namba ya kupokelea malipo kwa simu, akanipigia. Mpaka leo ni mteja wangu.

Sasa uandike nini? Hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Simu mpya ikizinduliwa wanakimbilia kunakili sifa zake kwenye tovuti za nje, kamera hivi, betri vile, na simu yenyewe hawajaishika. Anayetaka hayo anayo GSMArena. Msomaji wako anataka kujua kama ile used anayouziwa Mwanjelwa bado ina akaunti ya mtu ndani.

Nikupe mfano. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipotangaza kwamba simu feki zinazimwa Juni 2016, mjini ulikuwa uvumi mtupu. Nikaenda kukaa kwenye meza ya fundi mmoja Mwanjelwa. Kila mteja akifika, tunabonyeza *#06#, zinatokea tarakimu 15 za utambulisho wa simu (IMEI), tunazituma kwenda 15090, tunasubiri ujumbe urudi na jina la simu. Akaja mama mmoja wa Mbalizi na simu ya kupangusa, inang'aa, nyuma imeandikwa jina kubwa. Ujumbe ukarudi na jina la simu ya batani! Fundi akacheka, mama hakucheka. Namba ile ilikuwa ya simu nyingine, imepandikizwa. Usiku ule niliandika hivyo hivyo nilivyoona, hatua kwa hatua, na picha ya ujumbe. Ilisambaa kwenye magrupu mpaka Tunduma. Nilichokifanya ni kukaa pale na kuangalia, basi.

Baadaye ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, mwisho Januari 20, 2020, kisha tozo za miamala ya simu Julai 2021. Watu walitaka kitu kilekile: kesho asubuhi nifanye nini?

Kuhusu blogu na Facebook, usichague, vigawie kazi. Ulichoweka Facebook wiki jana leo hakionekani, na swali linarudi kila mwezi. Jibu likae kwenye tovuti yako, yenye jina lako mwenyewe, halafu WhatsApp itumie kusambazia kiungo. Picha ziwe nyepesi, mtu wa bando la buku asije akaishiwa kabla hajafika chini. Weka tarehe juu na aina ya simu uliyojaribia, maana menyu zinabadilika. Zikibadilika rekebisha makala ileile, usiandike mpya. Kampuni ya simu ya Tigo ilipogeuka Yas mwaka 2024 nilipitia makala zangu zote za Tigo Pesa na kuongeza jina la Mixx by Yas. Jina la zamani sikulifuta, kwa sababu bado watu wanatafuta kwa hilo.

Jambo la leseni ya blogu usilipuuze. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai laki moja ya maombi na milioni moja ya leseni, na wapo waliofunga blogu mwaka ule. Mimi niliweka yangu pembeni, nikawaandikia wenye leseni, nikarudi nilipoweza kulipia. Kanuni zimefanyiwa marekebisho tangu hapo, kwa hiyo waulize TCRA wenyewe, si wajuaji wa vijiweni.

Halafu kuna wenye maduka watakaokuletea simu uisifie. Mimi nairudisha. Nikilipwa na mtu, naandika mstari wa kwanza kabisa kwamba nimelipwa. Ukinunuliwa mara moja mji huu mdogo, watajua mpaka Uyole.

Umesema una stationery pale Kabwe. Usiifunge! Wewe ndiye unayekaa na watoto wa form six wanaohangaika na maombi ya mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na wanaokwama Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, kwa sababu cheti walichoskani kimekuwa kizito. Hayo maswali wenzako wa Dar wanayakisia tu. Dirisha la mkopo likifunguliwa, weka daftari pembeni ya printa, andika kila wanapokwama na ulivyowakwamua. Ukishaandika makala ya kwanza tupia kiungo humu, nitaisoma na kukwambia ukweli.