Kuzamia na kamera Wasini: pumzi kwanza, lenzi baadaye

Wengi wa Kisumu na Nakuru wanaopanga likizo ya pwani, tuseme kisiwa cha Wasini kule Kwale, huanza kwa kuuliza wanunue kamera gani. Swali hilo jibu lake ni fupi, litafika. Refu ni hili: ukiwa mita tano chini bila mtungi wa hewa, mkono umeshika kamera na macho yamemganda kasa, pumzi yako inalindwa na nani? Kamera humsahaulisha mtu mwili wake. Kwa hiyo mazoezi ya kuzamia yafanywe kwanza bila kamera, huku huku kwetu, kabla hujakata tiketi.

Huku kwetu maana yake ni bwawa la kuogelea, si ziwa. Maji ya Dunga, ufukwe wa ziwa hapo Kisumu, yana kichocho, gugumaji na viboko, tena ni ya tope. Bwawa la hoteli lenye kina cha mita mbili na kitu linatosha kujifunza kusawazisha masikio. Ziba pua kwa vidole, sukuma hewa taratibu kuelekea masikioni. Anza ukingali juu, kisha rudia kila unaposhuka nusu mita. Usingoje maumivu. Kwenye uso wa bahari shinikizo la hewa ni bar 1 (bar ni kipimo cha shinikizo), na kila mita 10 za maji huongeza bar 1 nyingine, kwa hiyo mita 10 za kwanza pekee hupunguza ujazo wa hewa mwilini kwa nusu. Hakuna sehemu inayosumbua masikio kuliko hiyo. Sikio likikataa, simama, panda kidogo, jaribu tena. Likikataa tena, toka. Mwenye mafua asizamie hata akimeza dawa ya kufungua pua, kwani dawa inaweza kuisha nguvu akiwa chini na hewa ikanaswa wakati wa kupanda. Miwani nayo lazima ifunike pua, ili uweze kupuliza hewa kidogo ndani yake unaposhuka. Ile midogo ya kuogelea haina njia hiyo, huyavuta macho.

Jambo moja ambalo watu wa nyanda za juu hulisahau: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na pumzi moja ya huko ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Kisumu, karibu mita 1,130, upungufu ni kama moja ya nane. Ukifika pwani utajikuta unakaa chini muda mrefu kuliko ulivyozoea. Furahia, lakini usiifanye kuwa ruhusa ya kujipima.

Maji ya chumvi nayo hukuinua zaidi. Kwa mtu wa kilo 70, tofauti na bwawani ni kama kilo 2, ndiyo sababu aliyezama vizuri Kisumu hujikuta Wasini akipigapiga miguu juu ya maji bila kwenda popote. Mkanda wa vizito vya risasi, yale madini mazito, hutatua hilo, ila ongeza kilo moja moja. Kipimo ni hiki: kaa wima bila kusogea, toa pumzi ya kawaida, ukianza kuzama, risasi imezidi. Kifungo cha mkanda kiwe cha kufunguka kwa mkono mmoja.

Sasa hatari yenyewe. Hamu ya kuvuta pumzi huletwa na kabonidayoksaidi kujaa mwilini, zaidi ya oksijeni kupungua. Anayehema haraka haraka kabla ya kuzama huifukuza kabonidayoksaidi bila kuongeza oksijeni ya maana. Hamu huchelewa, oksijeni huendelea kwisha. Anapopanda, shinikizo hushuka, na oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni haitoshi tena kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wengi huzimia mita chache kabla ya kufika juu, au sekunde chache baada ya kutoa kichwa. Basi pumua kawaida dakika mbili hivi, vuta pumzi moja ya kushiba, toa mrija mdomoni, zama. Ukiwa juu, pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Mwenye kamera apumzike mara tatu, kwani kumfukuzia samaki fremu kunakula oksijeni.

Mmoja akiwa chini, mwenzake awe juu akimtazama, na aendelee kumtazama sekunde 30 baada ya kuibuka. Kosa la wapiga picha ni kushuka wote wawili ili mmoja apigwe picha akiwa na kasa. Hapo hakuna mwangalizi. Mtu akizimia, uso wake uwe juu ya maji, mvue miwani, mpulizie usoni, mpigepige shavuni ukimwita jina na kumwambia apumue. Asipopumua, mpe pumzi mbili mdomoni na mpandisheni chomboni upesi. Mtu asiyeweza kufanya haya hafai kuwa mwenzako majini, hata awe shemeji yako.

Wakati wa kwenda ni kaskazi. Kuanzia Oktoba hadi Machi bahari huwa safi zaidi, kusi likivuma huchafuka. Ndani ya mwezi wenyewe, fuata maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hupwa sana kati ya asubuhi na adhuhuri na mkondo huwa mkali. Siku za maji mafu, kama wiki moja baadaye, maji hujaa katikati ya asubuhi na mkondo hulegea. Hizo ndizo siku za picha. Ingia saa moja hivi kabla ya maji kujaa kabisa, maana maji yanayoingia huleta usafi wa bahari kuu, na yanayotoka huvuta tope la mikoko. Nahodha wa Shimoni, bandari ya kuvukia Wasini, anajua saa hizi kuliko programu yoyote ya simu. Muulize kabla ya kupatana bei. Muombe pia boya lenye bendera, kwani vyombo hupita. Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, jirani na Wasini, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na ada hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya serikali, kwa hiyo lipeni mapema, mtandao ukiwa bado upo.

Haya, kamera. Maji hula rangi nyekundu kwanza: mita tano tayari imefifia, mita 10 karibu hakuna. Basi picha nzuri ziko kati ya mita mbili na sita, na hakuna sababu ya kujitesa zaidi. Kamera ndogo ya vitendo, kama GoPro inayohimili mita 10 bila kasha la kuzuia maji, inatosha. Simu isiyoingia maji hujaribiwa kwenye maji baridi, si ya chumvi. Iweke kwenye kasha. Zima flashi, huangaza chembe zilizo majini na kujaza picha madoa meupe. Jua liwe mgongoni kwako. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, kwa pomboo 1/500. Ukiweza, hifadhi picha ghafi (RAW), rangi irekebishwe baadaye. Kisha sogea: umbali usiofika mita moja kwa samaki wa mwamba. Kukuza kwa lenzi hakusaidii, kwani maji yaliyo kati ndiyo yanayofifisha picha.

Kusogea huko kuna adabu. Samaki kama pono na vipepeo hukimbia anayewajia moja kwa moja; shuka pembeni, tulia juu ya mchanga, wengine watarudi kukuchungulia. Kasa mwachie mita tatu na umwendee kwa ubavu, kamwe usikae juu yake, kwa sababu naye anahitaji kupanda kupumua. Usishike wala kusimama juu ya matumbawe. Mapezi marefu ya miguuni huyavunja bila mwenyewe kujua. Samaki-jiwe hufanana na mwamba, na miiba yake ina sumu kali. Kamba ya kamera iwe mkononi, ila iwe ya kuvuliwa upesi ikinaswa.

Kasha linavuja kwa sababu ndogo sana: unywele mmoja au chembe ya mchanga kwenye pete ya mpira. Ifute, ipake silikoni kidogo mno, kisha zamisha kasha tupu kwenye ndoo likiwa na karatasi ya shashi ndani, uone kama italowa. Lifunge ukiwa mahali pakavu penye ubaridi, na weka kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu, la sivyo lenzi itaingia ukungu. Jioni liloweke kwenye maji yasiyo na chumvi nusu saa ukibonyeza vitufe vyote, na usilifungue mpaka likauke.