Kushukuru wakati wa msiba na ukata: majibu kwa maswali yenu

Bwana Yesu asifiwe. Maswali mengi mliyoleta safari hii yanahusu kumshukuru Mungu mambo yanapokuwa magumu. Nimechukua manne.

Mchungaji, mume wangu alifariki mwezi wa tatu. Wazee wa kanisa wanasisitiza nifanye ibada ya shukrani kwa sababu Biblia imesema tushukuru kwa kila jambo. Siwezi kumshukuru Mungu kwa kifo cha mume wangu. Je, nimepungukiwa imani? (Mjane, Iringa)

Pole sana, dada yangu. Hujapungukiwa imani.

Andiko wanalolitumia ni 1 Wathesalonike 5:18. Ukirudi nyuma sura moja tu, utakuta Paulo anawaandikia watu waliofiwa. Anawataka wasihuzunike kama wasio na matumaini, lakini hawakatazi kuhuzunika. Yesu mwenyewe alilia alipokwenda kaburini kwa Lazaro, naye alijua kwamba muda si mrefu angemwita atoke. Tena Paulo huyohuyo anakiita kifo adui wa mwisho (1 Wakorintho 15:26). Hakuna anayekudai umshukuru Mungu kwa sababu adui ameingia nyumbani mwako. Utamshukuru kwa mume uliyeishi naye, kwa watoto aliokuachia, kwa tumaini la ufufuo. Na hayo yote utayasema moyo ukiwa tayari.

Ayubu tunamsifu kwa kulibariki jina la Bwana katika sura ya kwanza. Wengi wetu hatusomi sura ya tatu, anapoilaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyomtendea. Walipoanza kumfundisha ndipo walipoharibu, hata Mungu akawakasirikia (Ayubu 42:7). Wazee wako nawaomba kwa heshima zote: ibada isubiri. Nendeni mkakae na huyu mama.

Wewe nawe, shukrani zisipotoka, omba Zaburi ya 88. Inaishia gizani, bila neno lolote la furaha, na bado imo katika kitabu cha sala.

Nilipunguzwa kazi kiwandani, sasa naendesha bodaboda ya mtu. Nikishapeleka hesabu, kinachobaki hakitoshi hata unga. Usiku nikifika nyumbani nashindwa kuomba. Nianzie wapi kushukuru? (Baba wa watoto wawili, Morogoro)

Anza na kitu kimoja cha siku hiyo, ukitaje. "Asante kwa baraka zako zote" ni maneno yanayoteleza mdomoni bila kupita moyoni. Sema: asante kwa yule abiria aliyelipa bila kuvutana, asante nimefika salama. Kisha waache watoto nao wataje ya kwao. Dakika mbili zinatosha kwa mtu aliyechoka.

Na unga umwambie Mungu pia. Paulo akiwa kifungoni aliwaandikia Wafilipi kwamba haja zao zijulikane na Mungu kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru (4:6). Haja na shukrani zimo katika sala moja, hakuna inayoifukuza nyingine. Hata yale maneno tunayoyapenda ya Maombolezo 3, kwamba rehema za Bwana ni mpya kila asubuhi, yamezungukwa na kilio cha mji wa Yerusalemu uliobomolewa na Wababeli, watoto wakililia chakula. Aliyeyaandika hakuificha njaa.

Nina kisukari. Kwenye mkesha tuliambiwa tushukuru kana kwamba tumeshapona, tuache na dawa. Ni sahihi? (Kijana, Mbeya)

Hapana. Usiache dawa hata siku moja. Paulo alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na Timotheo alimshauri atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia yeyote kati yao ajifanye mzima. Mshukuru Mungu kwa dawa, huku ukiimeza.

Nadaiwa kwenye kikoba. Nimeambiwa nikitoa sadaka kubwa ya shukrani, milango itafunguka. Nikope nitoe? (Mama lishe, Dodoma)

Usikope, mama. Shukrani hutolewa kwa yaliyokwisha kutendeka. Ikitolewa ili kununua mlango, hiyo ni biashara, na anayekusukuma kufanya hivyo anakuumiza. Fedha za kikoba ni jasho la wenzako.

Katika Walawi 7:15, nyama ya sadaka ya shukrani ililiwa siku ileile, bila kusazwa mpaka asubuhi. Mnyama mzima mtu hammalizi peke yake kwa siku moja, kwa hiyo palihitajika walaji wengine. Wewe kupika ndiyo kazi yako. Siku moja ongeza sahani kwa jirani asiye na kitu, umshukuru Mungu mkiwa wote mezani. Rejesho la kikundi lipeleke kwa tarehe yake.