Kwa muuguzi anayeanza wodi ya upasuaji wa ubongo

Ukipangiwa wodi ya upasuaji wa ubongo hapa Kampala, wenzako watakupa pole. Ipokee, kisha endelea na kazi. Wodi ni nzito, hilo si uongo, lakini inafundishika, na sehemu kubwa ya kazi yake haimo kwenye mashine wala kwenye kisu. Imo katika kujua mgonjwa wako alikuwaje asubuhi na yukoje sasa hivi.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji ya ubongo. Uvimbe, yaani nyama iliyoota, ukiingia, kitu kingine lazima kitoe nafasi. Mwili huvumilia kwa kusukuma maji na damu nje kidogo kidogo, ndiyo maana mama anaweza kukaa na uvimbe mkubwa kichwani miezi mingi huku akienda shambani kama kawaida. Nafasi ikishaisha, mambo hayaendi tena kwa wiki, yanaenda kwa saa. Aliyekula mchana akipiga soga anaweza kupoteza fahamu kabla zamu ya usiku haijaingia.

Kwa hiyo alama za fahamu za Glasgow, zile za 3 hadi 15, usizichukulie kama kazi ya kujaza karatasi. Andika macho, maneno na viungo kila kimoja kwa namba yake, usiandike jumla peke yake, kwa sababu 11 ya huyu si 11 ya yule. Zikishuka mbili, mwite daktari wakati huohuo, hata kama ni saa tisa usiku na unajua atanuna. Mulika mboni zote mbili na uzilinganishe. Shinikizo la damu likipanda huku mapigo yakishuka na pumzi ikienda ovyo, ujue umechelewa kuita. Hizo ni dalili za mwisho, si za mwanzo. Na ndugu wa mgonjwa akikuambia, "Amelala tu, musawo," yaani mganga au muuguzi, "mwache apumzike," mshukuru, halafu mwamshe mgonjwa.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya shule ya uuguzi havina. Wodi inaendeshwa kwa Kiluganda na Kiingereza, lakini wagonjwa wengi wanaozungumza Kiswahili wanatoka kambi za wakimbizi za Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, au Koboko na Arua kaskazini-magharibi, na wengine ni familia za askari. Kuna mzee wa Rutshuru, mashariki mwa Kongo, aliyeandikiwa kwenye chati kwamba amechanganyikiwa, maneno alama 4, siku mbili mfululizo. Nilipopita nikamuuliza kwa Kiswahili, "Papa, hapa tuko wapi?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Tuko ku hospitali, Kampala. Na ule mutoto hayaniletea chai." Alama yake ilikuwa 5, yaani ya mtu timamu, tangu alipoingia. Ubaya wa kosa hilo ni kwamba siku atakapochanganyikiwa kweli, chati haitaonyesha badiliko lolote. Muulize kila mtu kwa lugha anayoiota, na kama huna lugha hiyo, mtafute aliye nayo hata kitanda cha jirani, kisha uandike kwenye chati kwamba ulimtumia mkalimani.

Kuhusu historia ya ugonjwa: wengi watakuja na daftari lililojaa dawa za malaria na homa ya matumbo, na miwani mipya isiyosaidia kitu. Usianze kuwalaumu waliowatibu kule chini. Maumivu ya kichwa ni ya kila mtu, na kituo cha afya hakina CT, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Wewe tafuta mwendo wa ugonjwa. Kiharusi kwa kawaida huja ghafla, uvimbe hutambaa. Kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kutapika kunakoleta nafuu, degedege la kwanza kwa mtu mzima, mkono unaoangusha vikombe, macho yanayoona viwili viwili: hayo yaandike na tarehe yake. Tarehe hawana, lakini msimu wanao. "Ilianza kabla ya kuvuna maharage au baada?" hufanya kazi kuliko "Ilianza lini?"

Muulize pia anayelala naye nyumba moja. Uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kubadilisha tabia kabla ya kuleta kitu kingine chochote: mtu mpole anakuwa mkali, mtu nadhifu anakojoa sebuleni, mwenye duka anagawa bidhaa. Nyumbani watasema pombe, au amerogwa. Usicheke, wala usitoe hotuba kuhusu waganga. Uliza kwa utulivu alipewa nini cha kunywa na lini, kwa sababu hilo daktari wa usingizi atalihitaji.

CT ikionyesha uvimbe, zuia ulimi wako. Si kila uvimbe ni saratani, hasa hapa kwetu. Mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kuwa na toksoplasmosisi, ugonjwa wa vimelea, na dawa ya septrini ikaipunguza ndani ya wiki mbili hivi. Inaweza kuwa kifua kikuu kilichojikusanya ubongoni. Inaweza kuwa mabuu ya minyoo ya nguruwe. Inaweza kuwa meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, ambayo mara nyingi si saratani, huwapata wanawake zaidi, na ikikaa mahali pazuri huondolewa na mtu akarudi kwake kuuza nyanya. Ndiyo maana kipimo cha VVU hakichelewi, na ndiyo maana neno saratani halitoki kinywani mwa muuguzi kabla jibu la maabara halijarudi. Ukiambiwa uandae vifaa vya kutoa maji ya mgongo kwa mgonjwa mwenye dalili za upande mmoja au anayesinzia, uliza kwanza kama kichwa kimepigwa picha. Sisi tumezoea kutoa maji hayo kwa ajili ya homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na kule yanasaidia. Lakini penye uvimbe mkubwa, kuyatoa chini kunaweza kuuvuta ubongo ushuke na kubana shina lake. Kuuliza si utovu wa adabu.

Deksamethasoni, dawa ya steroidi, utaipenda, na ndiyo itakayokusumbua. Kwa aina nyingi za uvimbe haiui kitu. Inapunguza maji yaliyovimbisha ubongo kuuzunguka. Siku moja au mbili mgonjwa anakaa, anakula, anataka kurudi nyumbani, na familia inaanza kukusanya mabeseni. Waambie mapema kwamba nafuu hiyo ni ya dawa na uvimbe bado upo. Dozi ya mwisho usiipeleke usiku maana hatalala. Pima sukari hata kwa asiye na kisukari, mpe na chakula, na isikatwe ghafla kamwe. Inateremshwa ngazi kwa ngazi kwa karatasi iliyoandikwa. Kuna siku daktari atakataa kuianza kabla kipande cha nyama hakijachukuliwa, hasa kwa mwenye VVU. Si ukatili: kama ni limfoma, saratani ya seli nyeupe za damu, dawa hiyo inaweza kuiyeyusha kiasi kwamba maabara haioni kitu.

Manitoli, dawa ya dripu ya kupunguza maji ubongoni, ikishika baridi hufanya chembechembe kama za sukari. Inua chupa kwenye mwanga kabla ya kufunga dripu. Mgonjwa awe na katheta ya mkojo, kichwa kiinuliwe kama nyuzi 30, shingo inyooke. Shingo iliyopinda kwenye mto huzuia damu kushuka kutoka kichwani, na kuinyoosha hakugharimu hata shilingi.

Sasa shina la ubongo, yaani pale pembamba panapounganisha ubongo na uti wa mgongo. Humo hupita njia za kupumua, kumeza, kusogeza macho na uso, na nyaya zote za mikono na miguu. Uvimbe mdogo huko una makali kuliko mkubwa mahali pengine. Kwa muuguzi, kitu cha kwanza ni koo. Kabla ya kijiko cha kwanza cha uji, mkalishe wima, mpe kijiko kimoja cha maji, sikiliza. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, usimlishe kwa mdomo. Weka mrija wa puani. Kisha kaa na mama yake umweleze, kwa sababu hospitali zetu zinaendeshwa na ndugu. Wewe ukienda kugawa dawa, mama atamnywesha mtoto uji akiwa amelala chali, kwa upendo wote, na kesho asubuhi una nimonia. Mwonyeshe kwa mikono yake mwenyewe: kitanda juu, uji uchujwe usizibe mrija, maji baada ya chakula, mtoto abaki ameinuka nusu saa. Kuweka bango ukutani peke yake hakusaidii.

Watoto wa kati ya miaka 5 na 10 wanaokuja na jicho lililogeuka, uso uliolegea na mwendo wa kuyumba ndani ya wiki chache, wengi wana glioma, uvimbe wa ubongo wenyewe, inayosambaa ndani ya ponsi, sehemu ya kati ya shina. Hiyo haikatwi, kwa sababu imejisokota na nyaya zenyewe. Mionzi ndiyo tiba, na mara nyingi huwarudishia kutembea na kucheka kwa miezi kadhaa, halafu ugonjwa unarudi. Zaidi ya nusu hawamalizi mwaka tangu kugunduliwa. Wazazi wana haki ya kujua hilo kutoka kwa daktari, wakiwa wamekaa, si kulisikia korido. Lakini usiingie na sura ya msiba kila unaposikia "shina la ubongo." Kuna uvimbe mdogo unaokaa juu yake, nyuma, unaokua polepole sana, huo huziba njia ya maji ya ubongo tu. Mtoto anafunguliwa njia ya maji, na uvimbe wenyewe unaangaliwa kwa picha miaka nenda rudi bila kuguswa. Mwingine huchomoza nje ya shina na sehemu yake inaondoleka.

Upande wa maji ya ubongo yanayoziba, tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Hospitali ya watoto ya CURE pale Mbale ndiko Benjamin Warf alikoendeleza njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kamera na kuunguza tishu zinazotengeneza maji, ili mtoto asitegemee shanti, yaani mrija wa kutoa maji kichwani, maisha yote. Alifanya hivyo akiwatazama watoto wetu wenye vichwa vikubwa, ambao shanti ikiziba wako mbali na hospitali. Mwenye shanti akianza kutapika, kusinzia au kupata homa, asipelekwe kwanza kununua dawa za malaria.

Baada ya upasuaji wa ubongo wa nyuma, mtoto anaweza kuamka vizuri, akasema mawili matatu, kisha siku ya pili akanyamaza kabisa. Halii kwa sauti, hajibu, anatazama tu. Familia itasema daktari amekata ulimi wa ndani, na wapo watakaotaka kumtorosha usiku. Hali hiyo inajulikana, hasa baada ya kutolewa medulloblastoma, saratani ya ubongo wa nyuma ya watoto, na maneno kwa wengi hurudi baada ya wiki au miezi, ingawa si yote kwa kila mtoto. Mwambie baba jambo hilo kabla ya upasuaji. Ukimwambia baada, utaonekana unatetea.

Kipande kilichotolewa kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, ya kutosha, mara 10 ya ujazo wake, si kwenye maji ya chumvi yaliyokuwa karibu. Jina, upande, tarehe. Bila jibu la maabara Taasisi ya Saratani ya Uganda haiwezi kupanga mionzi sawasawa, na kipande kilichooza hakikatwi mara ya pili bila kufungua fuvu tena.

Familia ikiuliza kama mashine ya mionzi inafanya kazi, wajibu kwa heshima. Mwaka 2016 mashine ya kobalti, iliyokuwa peke yake nchini, iliharibika isitengenezeke, na mpya ikazinduliwa 2018, watu hawasahau. Leo Taasisi ina mashine kadhaa. Kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, kozi ya kawaida ni vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6, na anayeweza kupata vidonge vya saratani vya temozolomide huvimeza pamoja nayo. Kila kipindi ni dakika chache, uso ukiwa ndani ya barakoa ya plastiki iliyolainishwa kwa maji ya moto na kufinyangwa juu yake. Mtoto anayeogopa kufungwa uso mwandae kwa kumruhusu aishike kwanza. Kinachovunja matibabu mara nyingi ni mahali pa kulala na nauli, si mionzi. Uliza hilo siku ya kwanza, si wiki ya tatu mgonjwa akiwa amepotea.

Na tiba ikifika ukomo, usiache kitanda hicho kiwe cha kupitwa haraka. Hospice Africa Uganda ipo tangu 1993, morfini ya maji inatengenezwa hapa nchini, na tangu 2004 sheria inamruhusu muuguzi aliyesomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu pasipo na uponyaji, kuiandika. Nenda usome kozi hiyo. Katika wodi hii utaitumia kuliko cheti kingine chochote ulicho nacho.

Siku ya kuruhusiwa, kaa chini na karatasi mbili: ya kuteremsha deksamethasoni, siku kwa siku, na ya dawa ya degedege, isiyoachwa hata kama mwezi mzima umepita bila kuanguka. Filamu za CT ziviringishwe, zisikunjwe. Ripoti ya maabara ipigwe picha kwa simu za watu wawili wa familia, kwa sababu simu ya kwanza huenda ikauzwa njiani kulipia nauli ya kurudi kliniki.