Jibu: Umeme, intaneti na pesa za simu vikizima pamoja, nianze na nini?

Salaam ndugu. Umeuliza uanze na nini kwa hiyo laki mbili, endapo umeme, intaneti na pesa za simu vitazima kwa siku kadhaa, na unawaza jenereta.

Anza na maji. Nilikuwa Unguja umeme ulipokatika Desemba 2009, ukarudi Machi 2010. Giza tulilizoea haraka. Kilichotutesa ni maji, maana pampu zinategemea umeme huohuo. Jirani mwenye jenereta alihangaika na mafuta kila siku. Sisi tuliokolewa na kisima cha zamani, kamba na ndoo. Kabla hujanunua chochote, nenda ukakague kisima kilicho karibu nawe: unaweza kuteka kwa mkono, au kina pampu tu? Kisha nunua madumu manne ya lita 20, vifuniko vikiwa vizima.

Pesa taslimu weka za wiki moja, noti ndogondogo, kwa sababu chenji hupotea mapema. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, intaneti ilisuasua Tanzania na Kenya. Menyu ya pesa za simu, ile ya kubonyeza nyota na namba, haihitaji bando, lakini minara ikizima nayo haipo. Namba za watu wako ziandike daftarini, na redio ya betri iwepo.

Umesema mama anatumia dawa za presha. Tafadhali, hizo usingoje ziishe. Mwombe daktari akuongezee za wiki mbili.

Mambo ya sola nawaachia waliofunga wenyewe.