Kutoka Mpingo hadi Mikorosho: Ushauri kwa Vijana wa Kusini

Wanafunzi wa hapa Mtwara huniuliza wachague lipi, sanaa au sayansi. Mimi nilianza na uchongaji, kisha nikafundisha baiolojia, na ninaamini kwa dhati kwamba umahiri nilioupata katika kazi ya kwanza ndio ulionifaa katika ya pili.

Fundi wangu, mzee wa Kimakonde, hakunikabidhi tezo mapema. Alinitaka kwanza nilisome gogo la mpingo: nione kiini cheusi kinapoishia na tabaka jeupe la nje linapoanzia, nifuate mkondo wa nyuzi, nitafute nyufa. Mpingo hukauka polepole mno, na kwa kuwa nje hutangulia kukauka kabla ya ndani, gogo hupasuka. Ndiyo sababu ncha zake hupakwa nta na gogo lenyewe huwekwa kivulini. Asiyeyajua hayo huchonga sura nzuri ambayo baadaye hupasuka usoni. Elimu ile ilikuwa sayansi kamili, ijapokuwa hakuna aliyeiita hivyo.

Jicho lile lile ndilo ninalolitumia kwenye mikorosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hushambulia majani machanga na maua, na salfa hukinga zaidi kuliko inavyotibu, hivyo anayesubiri mpaka vishada vyote viwe na unga mweupe huwa amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo huwataka wanafunzi wachore kwa penseli kishada kimoja cha maua, wiki baada ya wiki, maana anayechora hulazimika kuona alichokuwa akikipita tu.

Kusini tuna mfano mkubwa wa umahiri wa namna hii. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi, na mifupa hiyo ingalipo katika makumbusho ya Berlin. Kazi ya kuifukua bila kuivunja ilikuwa mikononi mwa wenyeji wakiongozwa na Boheti bin Amrani, msimamizi na mwandaaji hodari wa visukuku, ambaye jina lake lastahili kutajwa katika kila darasa la sayansi huku kwetu.

Anayetaka kufika mbali, namshauri amtafute aliyemzidi na kumwonyesha kazi kabla ya kuipiga msasa, wakati ambapo mbao bado ni nene na panapohitaji kusahihishwa pangali panachongeka. Ripoti ya maabara nayo ipelekwe kwa mwalimu ikiwa rasimu, pamoja na vipimo vyote, hata vile vilivyokataa kulingana na matarajio.