Kabla ya kumlaumu mteja, shika simu yake

Masika ya 2022 nilimtengenezea mzee mmoja mwenye duka la pembejeo kule Ahero ukurasa wa kupokea oda. Mkulima anachagua mbegu au mbolea, anaandika idadi ya mifuko na namba yake ya simu, anabonyeza kitufe, oda inaingia dukani. Pesa analipa mzigo ukimfikia. Kwenye laptopu yangu hapa Kisumu mambo yalikwenda kama maji, na kwenye simu yangu vilevile. Wiki mbili baadaye mzee akanipigia. Oda zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, nyingi zimetoka kwa walimu na vijana wanaofanya kazi mjini. Wakulima wenyewe waliendelea kumpigia simu kama zamani. Akasema labda watu wake hawapendi mambo ya mtandao. Nikakubaliana naye, na kukubaliana huko ndiko ninakojutia mpaka leo.

Jumamosi nikapanda matatu kwenda kuona mwenyewe. Nikamkuta mama mmoja, mteja wa miaka mingi, ameketi kwenye benchi mbele ya duka.

"Mwanangu, ni wewe ulitengeneza hii kitu? Nimefinya hapa mpaka kidole kikachoka. Haifanyi."

"Pole, mama. Naomba nione simu yako kidogo."

Nikabonyeza. Kitufe kikabadilika rangi, kisha kimya. Hapakuwa na ujumbe wa kosa wala alama yoyote kwamba kuna kinachosubiriwa. Kwa ruhusa yake nikaingia kwenye mipangilio, nikagonga nambari ya muundo mara saba ili chaguo za wasanidi programu zifunguke, nikawasha utatuzi wa USB, nikaichomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa chaji. Kwenye Chrome yangu nikaandika chrome://inspect, ukurasa wa kukagua makosa ya simu iliyochomekwa. Pale nikaona mstari mmoja mwekundu: kivinjari cha mama kimekuta nukta mahali ambapo hakikuitarajia, kikaacha kusoma.

Nukta hiyo niliiandika mimi. Katika JavaScript, lugha inayoupa ukurasa wa wavuti vitendo, kuna alama ya kiulizo ikifuatwa na nukta, `?.`, ambayo hukuwezesha kuchungulia ndani ya kitu bila programu kuanguka iwapo kitu chenyewe hakipo. Chrome iliipokea kwenye toleo la 80, Februari 2020. Simu ya mama ilikuwa na toleo la 74. Nafasi ilikuwa imejaa picha za wajukuu na video za kwaya, na mtu anayenunua bando la shilingi 20 hawezi kulimaliza kwa kusasisha kivinjari. Nilijua kwamba alama ile imekuwa sehemu ya kiwango rasmi kwa miaka miwili. Sikujiuliza kama imeshafika Ahero.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kila anayeanza kazi hii alishike, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Kivinjari hakichukulii mambo yasiyojulikana kwa namna moja. Ukiandika HTML, lugha ya muundo wa ukurasa, kisichoielewa, kinaruka au kinaweka kitu cha karibu: sehemu ya tarehe, `type="date"`, ikiwa haijulikani inageuka sanduku la kawaida la maandishi, na mtu bado anaweza kuandika. Ukiandika CSS, lugha ya mwonekano wake, kisichoielewa, kinaacha tamko hilo moja na kuendelea na linalofuata. Ukurasa unapoteza pambo lakini unasomeka. JavaScript haina huruma hiyo. Alama moja ngeni ya sarufi, na faili zima halifanyi kazi, hata mistari mia tatu uliyoandika vizuri. Kwa hiyo swali la "je, kipengele hiki kimekubaliwa na vivinjari?" lina uzito tofauti kulingana na lugha unayoandika. Kwenye CSS mimi hutumia kitu kipya mapema, bila wasiwasi mwingi. Kwenye JavaScript nangoja.

Ukarabati wenyewe ulichukua siku moja. Nilirudisha fomu kuwa fomu halisi ya HTML, yenye `action` inayopeleka data kwenye seva bila kuhitaji JavaScript hata chembe. JavaScript ikabaki na kazi ya kujumlisha bei tu. Kisha nikaiagiza esbuild, zana ya kugeuza msimbo, iuandike upya msimbo wangu kwa sarufi ya JavaScript ya 2015. Lakini uwe macho: zana ya namna hii hubadilisha sarufi, haikuletei kazi ambazo kivinjari hakina. `replaceAll` kwa mfano, ya kubadilisha neno kila linapotokea, iliingia Chrome kwenye toleo la 85, na esbuild itaiacha hivyohivyo, nayo itaanguka mbele ya mteja. Jumanne iliyofuata oda ya mama yule ikaingia, mifuko miwili ya mbolea ya DAP, imetoka kwenye simu ileile.

Nisieleweke kwamba nalaumu vivinjari. Walionitangulia waliteseka kuliko sisi. Internet Explorer 6 ilitoka 2001, na toleo lililofuata halikuonekana mpaka 2006. Miaka mitano mtu aliandika ukurasa mara mbili, mara moja kwa kufuata kiwango na mara ya pili kwa ajili ya kivinjari kimoja. Microsoft iliistaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, muda mfupi tu baada ya safari yangu ya Ahero. Siku hizi hali ni nyingine kabisa. Grid, njia ya CSS ya kupanga ukurasa kwa safu na nguzo, iliingia Firefox, Chrome na Safari ndani ya mwezi mmoja, Machi 2017. Tangu 2022 Apple, Google, Microsoft na Mozilla wamekuwa wakikubaliana kila mwaka, katika mradi uitwao Interop, ni vipengele gani wote wavirekebishe ili vifanane. Hilo limeokoa usiku mwingi wa watu kama mimi, na nashukuru kwa dhati.

Ila kivinjari kupokea kiwango ni jambo moja, na toleo hilo kufika mfukoni mwa mteja ni safari nyingine.

Iphone nazo zina yake. Mteja mmoja wa Milimani alikuwa na iPhone 6 aliyotumiwa na dada yake kutoka ng'ambo, na kwake vitufe vya ukurasa wangu vilikuwa vimegandana kama samaki kwenye karai. Nilikuwa nimetumia `gap`, nafasi kati ya vitu, ndani ya flexbox, njia nyingine ya CSS ya kuvipanga, na `gap` hiyo Safari iliipokea kwenye toleo la 14.1, mwaka 2021. Simu ile haivuki iOS 12. Nikamshauri aweke Chrome. Ushauri huo haukuwa na maana yoyote, kwa kuwa huku kwetu kila kivinjari cha iPhone huendeshwa na injini ya Apple, WebKit, hata kama jina la nje ni jingine. Nikajaribu kukiuliza kivinjari chenyewe kwa `@supports (gap: 1px)`, kikajibu ndiyo, kwa sababu kinaijua `gap` ya Grid. Mwishowe nikarudi kwenye `margin`, nafasi inayowekwa kuzunguka kila kitu, na ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye wateja wa simu za zamani.

Opera Mini usiisahau pia. Ikiwa kwenye hali ya kubana data zaidi, ukurasa hupikwa kwenye seva za Opera na simu hupokea matokeo yaliyobanwa, na JavaScript hufanya kazi kidogo tu kule kwenye seva. Fomu ya HTML ya kawaida hupita bila shida.

Unapotafuta kipengele kwenye MDN, tovuti ya marejeo ya waandishi wa wavuti, angalia alama ya Baseline, iliyoanzishwa 2023. Kikishaingia vivinjari vyote vikuu kinahesabiwa kipya. Miezi 30 baadaye kinahesabiwa kimeenea. Kwa wateja wa ofisini miezi hiyo inatosha. Kwa wakulima mimi huongeza miaka miwili kwa chochote cha JavaScript, na hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia kwamba msimbo wangu ni wa kizamani.

Kwenye meza yangu kuna simu ya mtumba niliyoinunua Kondele, kioo kimepasuka pembeni, masasisho nimeyazima makusudi. Kila ukurasa hupita hapo kwanza, kwa bando, bila Wi-Fi. Na nikipata kazi mpya, kabla ya kuandika mstari wowote naomba kukaa dukani kwa mteja nusu siku. Nawaomba wanunuzi, kwa heshima, wafungue mipangilio ya Chrome tuone toleo, nami naandika kwenye daftari. Wengi hukubali, na wengine huuliza kama ninaweza kuwafutia picha kidogo wapate nafasi. Nikimaliza kuandika, nawasaidia kuzifuta.